Mshika Bendera wa Kwenye Bango

Yule kijana wa dirishani aliniambia mimi si mfanyakazi. Aliniambia kwa upole kabisa, huku akinirudishia karatasi zangu, na juu ya kichwa chake nilikuwa nimetundikwa mimi mwenyewe, mkubwa kuliko mlango, nimevaa reflekta ya njano, nimeshika bendera nyekundu, nacheka kama mtu aliyekula akashiba. Chini ya miguu yangu waliandika kwa herufi za bluu: NYUMBA BORA KWA MFANYAKAZI WA KIPATO CHA CHINI.

"Dada, nyumba hizi ni za wafanyakazi," alisema. "Wewe huna mkataba. Kibarua hahesabiki."

"Inua kichwa," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Inua kichwa uangalie juu."

Akaangalia. Akaniangalia mimi. Akaangalia juu tena. Nyuma yangu watu kwenye foleni wakaanza kunong'ona, na mama mmoja akasema wazi, "Jamani, si ndiye huyu huyu? Hata kilemba ni kile kile." Na kweli kilikuwa kile kile, maana cha kazini na cha kwendea ofisini ninacho hicho hicho.

Kijana akajikuna shingo, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mikono inaniwasha: "Ile ni picha tu, dada."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilikuwa nimeshamwagiwa tope na malori mpaka masikioni, nikavumilia. Mwenye nyumba alikuwa ameshaniambia nihame, nikavumilia. Hiyo "picha tu" ndiyo iliyonishinda. Sikupiga kelele. Nilikusanya karatasi zangu, nikamkaza mwanangu Salma mgongoni, nikamwambia yule kijana: "Sawa. Nitarudi, na picha yangu nitakuja kuidai."

Nawaandikia ninyi wasichana mnaoanza kushika bendera kwenye barabara mpya ya kule Kisarawe. Mmoja wenu ni mtoto wa shangazi yangu, ndiye aliyeniomba. Alinipigia akasema, "Dada, wewe si umestaafu, tuachie basi ujuzi." Nilicheka. Nimestaafu na mvi sina hata moja, na mwanangu bado hajaanza shule. Lakini ni kweli, bendera nimeiweka chini. Barabara ile imekwisha, siku hizi napika chapati na supu nauza mwenyewe, na magoti yangu yanatabiri mvua kama ya bibi yangu. Kazi ile inazeesha miguu kabla ya uso. Basi kaeni niwaambie, na mnisamehe nikiwa mkali. Nimeishia kidato cha nne, na hasira yangu ina elimu kunizidi.

Jina la halmashauri silitaji. Huku kwetu Kibaha na Kisarawe halmashauri ni zaidi ya moja, kisia utakavyo, na waliomo humo si wote wenye makosa.

Tuanze na tairi. Gari likija, msimtazame dereva usoni, tazameni tairi la mbele. Uso wa dereva unadanganya. Anaweza kukuchekea, akakukonyeza, akakuita shemeji, na mguu wake bado uko kwenye mafuta. Tairi halina shemeji. Likipunguza utaliona, lisipopunguza wewe ruka. Na ili uruke lazima uwe na pa kurukia. Mimi siku ya kwanza nilisimama mgongo kwenye lundo la kokoto, kifua mbele, najiona askari. Akaja mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya kwaya, akanivuta mkono.

"Wewe mtoto, lori likikataa kusimama utapanda hilo kokoto kama mbuzi?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sogea huku. Kufa kwa kazi ya kibarua ni hasara mara mbili."

Huyo ndiye Mama Neema. Alitoka bara huko, amefuata mume Kibaha, mume akafuata mambo yake, yeye akabaki na watoto na bendera. Alikuwa ameshashika bendera kwenye barabara nyingi kabla ya ile yetu. Alinifundisha kuvaa kanga ndani ya reflekta ili jasho lisikauke mgongoni, kuweka soksi za akiba, kutokunywa soda saa za kazi kwa sababu choo kiko mbali na aibu iko karibu. Bodaboda tusigombane nao, alisema, watapita tu kama maji. Tuwaambie "polepole mdogo wangu," basi angalau wanapita polepole.

Kazi yetu ilikuwa kwenye ile barabara ya ndani inayoachana na Morogoro Road pale Visiga. Walichimba kuweka kalavati, ikabaki njia moja tu ya magari, ndefu, ina kilima katikati. Mimi nilisimama upande wa Visiga, Mama Neema upande wa ndani, na kwa sababu ya kile kilima hatuonani. Mkandarasi aliahidi kutuletea simu za upepo. Nadhani bado zinakuja. Simu za mkononi tulijaribu, lakini vocha ni yako, mtandao unakatika bondeni, na huku umeshika bendera, kule dereva anakutukania mama yako.

Kwa hiyo tulitumia tawi. Hii ndiyo kazi yenyewe, sikilizeni vizuri. Nikiyaruhusu magari ya upande wangu, gari la mwisho nampa dereva tawi la mti. Akifika upande wa pili anamkabidhi Mama Neema. Mama Neema akishalishika anajua njia ni nyeupe, hakuna gari lililobaki katikati, anaruhusu ya kwake, na la mwisho linanirudishia tawi. Tawi halijafika, hakuna anayesogea. Uwe bwana harusi, uwe umebeba samaki, unasubiri. Gari la wagonjwa linalokwenda hospitali ya Tumbi tu ndilo halisubiri, na hilo mmoja wetu hulitangulia mbio kwa miguu akipunga bendera mpaka ng'ambo. Ndiyo maana nawaambia habari za magoti.

Tulianza na tawi la mlonge, kwa kuwa ulikuwa karibu. Siku ya pili nikampa tawi dereva wa Hiace moja, amejaza abiria. Mbele alikaa mama mmoja wa heshima zake, tawi likawekwa mapajani kwake. Mlonge ni mboga na ni dawa, na mama yule alikuwa na mfuko. Kufika kilimani ameshachuma majani yote. Mama Neema akapewa kijiti kitupu dirishani. Akadhani ni dharau, akakitupa mtaroni, akaendelea kusubiri tawi. Mimi huku nasubiri tawi lirudi. Magari yamejipanga pande zote mbili, yamezima injini, watu wameshuka wanakula miwa, na njia iko tupu kabisa katikati, unaweza kuanika mpunga. Ikabidi nipande kilima kwa miguu, na Mama Neema naye anapanda kwake, tukakutana juu.

"Tawi liko wapi?" akaniuliza.

"Nimempa wa Hiace."

"Wa Hiace kanipa fimbo ya kuchapia ng'ombe."

Tulicheka mpaka tukakaa chini, na honi zinalia huku na kule. Toka siku ile tukahamia mwarobaini, mchungu, hakuna wa kuutafuna. Kumbe nao wapo wanaouchemsha. Mwisho nikachana kanga yangu nyekundu iliyochakaa, nikafunga kitambaa kwenye tawi, kila dereva akajua lile lina wenyewe.

Mama Neema alikuwa na tabia ya kufungia vitu kwenye tawi. Chapati kwenye mfuko, kipande cha muhogo, siku nyingine mafundo tu ya majani kuniambia ana njaa. Tulifanya kazi pamoja msimu mzima, na siku nyingi nilimjua kwa kilichofungwa kwenye tawi kuliko kwa uso.

Sasa picha. Siku moja walimwaga zege, njia ikafungwa kabisa, tukawa wote upande mmoja tumekaa kivulini. Ikaja gari la wageni wanaokagua miradi, na kijana mmoja wa kamera. Akaniambia, "Dada, simama pale na bendera, cheka kidogo." Nikasimama. Kucheka kukagoma. Nyuma yake Mama Neema akaanza kutembea kama msimamizi wetu, tumbo mbele, mikono nyuma, anakagua kokoto moja moja. Nikacheka kweli kweli. Nikamwuliza yule kijana picha ni ya nini, akasema ya kumbukumbu ya mradi. Basi kile kicheko mlichokiona ukutani, mkidhani nafurahia maisha bora, nilikuwa namcheka bosi.

Mkataba hatukuwa nao, na si kwa bahati mbaya. Kila muda wa kupewa mkataba ukikaribia, msimamizi anakuja, "Jamani, pumzikeni kidogo, kesho kutwa mje." Mkirudi mnaandikwa upya, wageni wenye sura zile zile. Ukiumwa, hulipwi. Mvua ikinyesha kazi ikasimama, hulipwi. Mama Neema alikuwa amewahi kuwa mgeni kwenye barabara moja mpaka barabara ikazeeka.

Halafu ukaja ule uamuzi wa foleni. Pale Kwa Mathias, kwenye barabara kuu, asubuhi na jioni ilikuwa balaa, mabasi ya mikoani, bodaboda, wamachinga, malori ya mchanga na kokoto, kila mtu anadai haki yake. Kikao cha madiwani kikakaa, kikaamua malori yote ya mchanga na kokoto yasipite Kwa Mathias saa za watu kwenda na kutoka kazini, yapite barabara ya ndani. Barabara ya ndani ndiyo hiyo yetu, ya njia moja, ya tawi. Hakuna aliyekuja kutuuliza wala kututahadharisha. Nilijua siku niliyoinua macho nikaona malori yamejipanga mpaka yamepinda na kona.

Na chumba changu kilikuwa kinatazama barabara hiyo hiyo. Madereva wakisubiri zamu wanashuka, wanataka soda, wanataka chapati, wanataka vocha. Mwenye nyumba wangu, Mzee Kondo, mtu mzima wa Kizaramo, mpole, aliona anachokiona. Akaniita.

"Mwanangu, ukuta wa mbele naubomoa, naweka fremu za biashara. Fundi anaingia kabla ya mvua."

"Mzee wangu, na mimi na mtoto?"

"Sikufukuzi mimi, mwanangu. Barabara ndiyo inakufukuza."

Sikuweza kumkasirikia, na hilo lilinikasirisha zaidi. Vyumba vingine vya karibu navyo vimeshakuwa fremu, vilivyobaki wenyewe wanataka kodi ya miezi mingi mkononi kwa mpigo. Kwenda mbali siwezi, Salma nilikuwa namwacha kwa jirani kila alfajiri, na jirani huyo ndiye aliyekuwa tayari kumpokea kabla jua halijatoka. Nikipoteza chumba napoteza jirani, nikipoteza jirani napoteza kazi. Ndipo nikasikia halmashauri imejenga nyumba za kupangisha kwa bei nafuu, huko huko ndani, mbele kidogo ya kalavati letu. Kila siku nilikuwa nayapitisha malori yanayopeleka tofali zake. Nikasema Mungu huyu hapa. Nikavaa kilemba, nikaenda dirishani. Yaliyonikuta mnayajua.

Nilirudi kazini kesho yake. Mama Neema alinitumia chapati kwenye tawi, nikamrudishia nzima. Akajua.

Siku chache baadaye, asubuhi, foleni imeshika, likaja gari jeupe la kamati ya madiwani. Lilipita kwa pembeni malori yote yaliyojipanga, likaja mpaka puani kwangu, likapiga honi. Zamani tulikuwa tunawaachia, msimamizi alishatuambia gari la wakubwa lisisimamishwe, mkimbie mbele yake kama gari la wagonjwa. Siku hiyo magoti yangu yalikataa. Nikainua bendera.

Dereva akashusha kioo. "Dada, hii gari ya kamati."

"Naiona. Na hii bendera."

"Wanawahi ukaguzi wa nyumba."

"Watawahi tawi likifika."

Nikalitazama tairi. Tairi likakaa.

Kwa kawaida tawi lingekuwa limeshafika. Siku ile halikufika. Tukasubiri, hakuna kitu kilimani, wala vumbi. Baadaye ndiyo nilijua kwamba lori la mwisho la upande wa pili lilikuta watu wa Kisarawe wameteremsha mkaa kando ya njia, na dereva wa lori akiona mkaa mzuri ni sawa na mtoto akiona pipi. Alikuwa katikati ya njia yetu, tawi kwenye dashibodi, anapatana bei. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba tawi halipo, na bila tawi sijui kuna nini ng'ambo ya kilima.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka diwani mmoja, mnene, sauti nzito, kitambaa mkononi.

"We binti, unajua mimi nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Shikamoo."

Akasita. "Marahaba."

Jifunzeni hili, ni kubwa kuliko bendera. Mtu akishaitikia marahaba, ukali wake umepungua nusu. Hawezi kumtukana vizuri mtoto aliyemwamkia.

"Tupishe tupite, tumechelewa," akasema, sasa taratibu.

"Nikikupisha na lori linashuka na mchanga, Mheshimiwa, kesho nitakuja kwenu kukaa matanga. Tusubiri."

Akayatazama malori nyuma yake. "Mbona foleni kubwa hivi? Haya yote yanatoka wapi?"

"Si yale mliyoyatoa Kwa Mathias?"

"Tulipunguza msongamano."

"Hamkuupunguza, Mheshimiwa. Mliuhamisha. Ulihamia kwangu, na leo mmekuja kuutembelea."

Ndani ya gari mtu akacheka. Dereva wa lori la kwanza aliyekuwa ameegemea bampa akasema, "Mwambie, sista, na sisi tuna watoto." Diwani akafuta jasho. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Nikamwonyesha kivuli changu, nikampa kopo langu la kukalia, akakaa. Kisha akaniangalia sana.

"Mbona kama nakufahamu? Sura yako nimeiona wapi?"

"Ukutani kwenu."

"Ukutani?"

"Kwenye bango la nyumba. Mimi ndiye mfanyakazi wa kipato cha chini."

Akageuka kuwaita wenzake, "Njooni mwone, ndiye yule wa bango," wakashuka, kila mmoja anafurahi kama amekutana na msanii. Mmoja akaniuliza, "Basi wewe bila shaka nyumba umeshapata ya kwanza kabisa." Nikawaambia nilichoambiwa dirishani. Nikawaambia na fremu za Mzee Kondo, nikawaambia na ule ugeni wetu wa kila mara. Sikulia. Nilisema kama ninavyowaambia ninyi sasa, bendera juu, jicho kilimani. Walikuwa hawana pa kwenda, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa na wakubwa wasioweza kuniambia njoo kesho.

Yule diwani akasimama, akajipangusa suruali. "Binti, mimi nimekusikia. Lakini baraza halisikii barabarani. Andika. Lalamika rasmi, lipokelewe, ligongwe muhuri, mimi nitasimama nalo."

"Nikiandika utasimama kweli?"

"Nimesimama hapa nusu ya asubuhi kwa ajili ya tawi," akasema. "Nitashindwa kusimama kwenye kiti changu?"

Hapo ndipo lori likachomoza kilimani, magunia ya mkaa yamefungwa juu ya mchanga, dereva anacheka meno yote. Akanipa tawi. "Samahani, sista, bei ilikuwa nzuri." Nilitaka kumpasua, na nilitaka kumbusu. Nikamwambia diwani, "Sasa njia ni yako, Mheshimiwa," nikashusha bendera.

Niliandika jioni hiyo hiyo. Kesho yake tulipokula nikamsomea Mama Neema. Akatafuna mpaka mwisho.

"Ukurasa wa kwanza wote ni matusi," akasema.

"Wanastahili."

"Wanastahili, ndiyo. Lakini ukiwatukana watajibu tusi, hoja yako wataacha. Toa. Na yule kijana wa dirishani mtoe, naye anatumwa tu kama sisi." Akaendelea kula. "Viambatanisho una nini? Mkataba huna. Hati ya mshahara huna. Watasema hata kazi hufanyi."

"Nina tawi," nikasema.

Aliweka sahani chini. Alicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Yule mama wa masjala aliyepokea karatasi zangu alitazama tawi juu ya meza yake, na kitambaa chake chekundu, akaniuliza hiki kitu gani. Nikamwambia kiambatanisho. Akaniuliza kimeandikwa? Nikamwambia soma mwisho. Akasoma mwisho, akarudi akasoma mwanzo, halafu akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe chake cha chai kikaruka. Tawi akalifunga kikaratasi chenye namba, akaliingiza kwenye faili, majani yakatokeza nje.

Siku ya baraza tulikaa nyuma, mimi, Mama Neema na Salma. Yule diwani alisimama na tawi mkononi, limekauka, majani yanadondoka kwenye zulia lao. Alisoma kila neno. Palipochekesha walicheka, palipouma wakapekua karatasi zao, na mwenyekiti akauliza kama mwandishi yupo ukumbini. Nikasimama. Ukumbi mzima ukanitambua kwa pamoja, na makofi yakaanza kwa wale waliokuwa kwenye foleni ya tawi siku ile.

Waliamua mchana ule ule. Malori yakarudishwa barabara kuu, kwa zamu, mpaka kalavati likamilike. Kibarua wa kazi ya umma akahesabika kuwa mfanyakazi kwenye maombi ya nyumba. Na mkandarasi yeyote anayefanya kazi ya umma ndani ya mipaka yao awape watu wake mkataba, siku ya kuumwa ilipwe. Msimamizi wetu alituletea mikataba tumbo likiwa nyuma na mikono mbele. Mama Neema alisaini kwa kalamu yake mwenyewe, akaupuliza wino kama uji wa moto.

Leo nakaa kwenye nyumba zile za bango, na Mama Neema nyumba ya pili yake. Tuna bomba ndani. Salma analifungua na kulifunga kutwa, namgombeza, na nikiingia jikoni peke yangu nami nalifungua kidogo, basi tu, lisikike. Mzee Kondo hunitania kwamba mimi ndiye mpangaji aliyemshinda, maana malori yalipoondoka fremu zake zikakosa wateja. Chapati zangu nauzia kwenye mojawapo, kanipunguzia kodi. Bango bado lipo. Walikuja kwa adabu kuniuliza walishushe au waliache. Nikawaambia liacheni, sasa linasema kweli.

Basi ninyi wa Kisarawe mtapewa mkataba siku ya kwanza, maana na huko kwenu wameiga. Usomeni. Msije mkadhani umedondoka na mvua. Tazameni tairi, chagueni mti wa tawi mapema, amkieni wakubwa kabla hawajafoka. Na siku mtakapoambiwa hamhesabiki, msije kwangu kulia, njooni na kalamu. Malalamiko yangu nayaweka hapa kama yalivyogongwa muhuri, mwone jinsi yanavyoandikwa.

Kwa Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUKATALIWA KUOMBA NYUMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mshika bendera kwenye barabara ya ndani, upande wa Visiga. Nina mtoto mmoja. Nimekataliwa kuomba nyumba ya bei nafuu kwa sababu kwamba mimi si mfanyakazi, kwa kuwa sina mkataba.

Mkataba sina kwa sababu sikupewa, na sikupewa ili nisihesabike. Sasa nanyimwa nyumba kwa kosa ambalo nilifanyiwa.

Chumba ninachokaa natakiwa kuhama kwa kuwa mwenyewe anajenga fremu. Anajenga fremu kwa kuwa malori yameletwa mlangoni kwetu. Malori yameletwa kwa uamuzi wenu. Sisemi mlikusudia. Nasema ndivyo ilivyo, na mliohamisha foleni ndio mlionihamisha mimi.

Picha yangu mmeitundika kwenye bango la nyumba hizo, na maneno "mfanyakazi wa kipato cha chini". Hamkuniomba. Naomba muamue moja. Kama mimi si mfanyakazi, nishusheni ukutani, nije kuichukua picha yangu. Kama ni mfanyakazi, pokeeni maombi yangu, na ya wenzangu wote wanaoshika bendera.

Vielelezo vya kazi sina, isipokuwa hiki nilichoambatanisha. Kwa taratibu za kazi yetu, aliyeshika tawi ndiye anayesubiriwa. Wa upande wa pili hawezi kusogea mpaka limfikie. Tangu leo tawi liko kwenu. Mimi nimesimama upande huu, na mtoto mgongoni, bendera juu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Zuhura, mama Salma, mshika bendera.

Kiambatanisho: Tawi moja la mwarobaini, lenye kitambaa chekundu. Lirudishwe pamoja na jibu.